Mvuje kwenye Shati la Hamadi

Xiaobei, Guangzhou
Jumapili, kabla ya adhuhuri

Kwako dada yangu Rehema, uliyenibeba mgongoni,

Shikamoo dada, na assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji mzima, na mwanenu Swalehe ameacha kukohoa. Je, mguu wa mama? Kwenye simu anasema hauumi, lakini mama hata akiwa amelala kitandani husema haumwi, kwa hiyo nakuuliza wewe. Niandikie ukweli wake. Sisi huku ni wazima wa afya, tunamshukuru Mungu. Barua hii nampa mzee mmoja wa Kariakoo aliyekuja kununua mzigo, anaondoka Jumanne, naye ameahidi kuiweka mwenyewe kwenye basi la Tanga. Kwenye simu kadi inakatika kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, na jambo la leo ni refu.

Dada, nimeolewa! Najua unajua, wewe ndiye uliyenifunga ushungi siku ile, lakini mimi bado naamka asubuhi nikishangaa. Nafumbua macho namwona Hamadi amekaa ukingoni mwa kitanda na vikombe viwili vya chai, kimoja kina sukari tatu kwa sababu anajua. Tukitembea barabarani hukaa upande wa magari. Tunakaa ghorofa ya sita, hakuna lifti, na jengo zima linapanda ngazi, Wakongo, Wasomali, Wamali, na Wachina wenyewe, lakini mguu wake naujua kati ya miguu yote. Akifika ghorofa ya nne mimi nimeshasimama mlangoni. Usimsomee mama sehemu hii.

Kazi yake anaijua kila mtu nyumbani, ananunulia wenye maduka wa Dar na kuwasafirishia. Siku nyingine yuko Zhanqian kwenye majengo ya nguo za jumla, ila Jumatatu na Alhamisi huenda Shiling, mji wa mikoba, mbali kidogo. Huko anakwenda na mwenzake Bwana Kishor, Mhindi wa Mombasa, wanakodi gari pamoja. Hapo ndipo kisa changu kinapoanzia, na nakuomba usicheke mpaka nimalize.

Kwanza ujue habari ya jiko. Jiko la huku ni la gesi, na moto wake unanguruma kama unataka kung'oa nyumba. Hakuna moto mdogo. Ukiupunguza unazima, ukiuongeza unalamba mikono. Mimi niliyezoea mkaa, wa kupalia juu na kuacha wali uive taratibu, nilishindwa. Lakini Hamadi alikula kila kitu nilichompa. "Tamu, mke wangu." Samaki tamu. Maharage tamu. Wali, siku niliousahau nikiwa dirishani natazama watu, nao tamu. Mimi nikawa natembea kifua mbele. Hata kitambi kilianza kumtoka, nikajisifu kuwa ni mapishi yangu.

Basi mwezi wa pili wa ndoa, Jumatatu moja, amerudi kutoka Shiling, nikampokea, nikamkumbatia, nikaweka uso kifuani pake kama kawaida yangu. Nikasikia harufu ya mvuje.

Dada, wewe umezaa. Unaijua harufu ile haina mwenzake. Mkoba unanuka ngozi na gundi, hilo naelewa. Moshi wa magari naelewa. Lakini mvuje! Mvuje kwetu unakaa wapi? Unakaa shingoni mwa mtoto mchanga, kwenye kitambaa cheusi, ili macho ya watu yasimdhuru. Ukimpakata Swalehe dakika tano, jioni nzima unanuka mvuje. Mtu mzima akinuka mvuje, huyo ametoka kumshika mtoto.

Nikajiambia labda nimekosea. Alhamisi ikaja, akarudi, harufu ile ile, safari hii kali zaidi, mpaka kwenye mikono ya shati. Jumanne hana. Jumatano hana. Jumatatu, anao.

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Kabla ya kunioa alikuwa amekaa China miaka miwili peke yake. Wanawake wa nyumbani wapo huku, wafanyabiashara, wanafunzi, wazuri kuliko mimi. Kumbe anapumzikia kwa mke mwenzangu siku mbili za juma, na huko kuna mtoto, na mtoto ana mama anayejua kufunga mvuje, maana yake ni mtu wa pwani kama sisi. Dada, nilishampa mtoto jina. Nilimwita Mwanahamisi, kwa kuwa Alhamisi ndiyo siku yake. Nikifua shati la baba yake nilikuwa nikilia, na bado nikijiuliza kama kamewahi kunyolewa nywele zake za kwanza au vipi.

Hukunisikia kwenye simu kwa sababu sikutaka usikie. Wiki tatu nilimchekea Hamadi, nikampikia, na ndani nimekauka.

Alhamisi ya wiki ya tatu alirudi saa kumi na moja. Nikamwekea chakula. Akala matonge mawili matatu, akasema amechoka sana leo. Nikaona basi.

"Hamadi."

"Naam, mke wangu."

"Jina lake nani?"

"La nani?"

"La mtoto."

Akatua kijiko. "Mtoto gani?"

"Huyo unayempakata Jumatatu na Alhamisi. Anayefungwa mvuje."

Akanitazama. Akainua kola ya shati lake, akanusa. Akanitazama tena. Halafu dada, akacheka! Alicheka mpaka akaenda kukaa juu ya robota la mikoba lililokuwa sebuleni, anajipiga magoti. Mimi machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Alipoyaona akanyamaza ghafla.

"Zuhura. Unalia kweli?"

"Hapana. Namenya vitunguu."

"Vaa baibui lako," akasema. "Twende nikuonyeshe anakokaa."

Ni vituo vitatu vya basi kutoka kwetu. Njia nzima alinishika vidole, na mimi nilikuwa namwachia vidole tu, mkono wenyewe nimeukaza. Nilikuwa nikijiambia, nikimwona huyo mwanamke sitapiga kelele, nitamsalimia kama mtu aliyelelewa.

Tukapanda ghorofa mbili. Kabla mlango haujafunguliwa harufu imeshatupokea kwenye ngazi. Mvuje mtupu! Mlango ukafunguliwa na mama wa Kihindi, mnene wa wastani, amevaa sari ya nyumbani, mikono ina manjano.

"Huyu ndiye bibi harusi?" akasema, na Kiswahili chake ni cha Mombasa kabisa. "Wee Hamadi! Miezi miwili wamficha, ulidhani nitamla? Karibu mwanangu, pita, pita."

Mimi macho yangu yalikuwa chini pale mlangoni penye viatu. Nilikuwa natafuta viatu vidogo. Havikuwapo. Nikamwamkia, halafu nikasema kile nilichojiapia sitakisema.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

"Wa hapa."

"Wa hapa ni Jayesh, yuko chuo, Nairobi. Ana ndevu kumshinda babake."

"Na simu hapigi," Bwana Kishor akajibu kutoka kwenye kochi, hata hajageuka kutoka kwenye televisheni.

Hamadi alishindwa kujizuia, akawaeleza yote, mvuje, shati, Mwanahamisi. Nilitamani sakafu ipasuke. Bwana Kishor alizima televisheni ili acheke vizuri. Lakini mkewe hakucheka sana. Alinifuta uso kwa ncha ya sari yake, akanishika mkono. "Njoo jikoni," akasema, "nikuonyeshe ni nani aliyekuwa akimkumbatia mumeo."

Akatoa bati la biskuti kabatini. Ndani ya bati mna kopo. Ndani ya kopo mna mfuko wa nailoni umefungwa mafundo mawili. Ndani ya mfuko, dada, kipande cha mvuje, ule ule, kama gundi iliyokauka, kahawia. Ameufungia hivyo kwa sababu akiuacha wazi hata sukari itanuka.

"Huu sisi twaula," akasema.

Nikadhani ananitania. Mama Jayesh, hivyo ndivyo ninavyomwita, kwa dini yake hali nyama, na kitunguu pia hali, wala kitunguu saumu. "Basi mchuzi wangu utanukia nini? Mvuje ndio kitunguu changu." Akaniambia walipokuwa Mombasa majirani zao Waswahili walikuwa wakija kuomba kipande kila wakipata mtoto. "Mama yangu alikuwa akisema, hawa wanavaa chakula! Na wao wakituona jikoni wanasema, hawa wanakula hirizi!"

Halafu akanifanyia mbele ya macho yangu. Alikuwa na mbaazi kwenye sufuria, mbaazi hizi hizi zetu, ila zimeparazwa na kuondolewa maganda, zimechemshwa mpaka zimelainika na manjano, sukari guru na ndimu. Akabandika kikaango kidogo, akatia samli. Samli ilipopata moto akatupa haradali, zikaanza kuruka. Bizari nyembamba. Halafu akaukwaruza mvuje kwa kisu, unga kidogo tu, kama wa kujaza kucha ya mtoto, akautia.

Dada, harufu iligeuka. Sijui nikuelezeje. Kwanza ilinipiga ile ya Swalehe, na mara ile ile ikalainika, ikawa kama vitunguu vinakaangwa, kama saumu, kama nyumba ya watu wenye sherehe, na kitunguu hata kimoja hakimo. Akamwaga kikaango chote juu ya mbaazi, *shaaa*, akafunika haraka ili harufu isikimbie. Na Hamadi hukaa kwenye meza ndogo pale pale jikoni wakitoka Shiling, ndiyo maana shati linakunywa mvuke wote.

Nikaonja. Nilikuwa na njaa ya wiki tatu. Nikala, nikaomba tena.

"Eeh, kula," Mama Jayesh akasema kwa furaha. "Kama mumeo. Leo hii amekula sahani mbili. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, sahani mbili."

Nikamtazama Hamadi. Hamadi akatazama dari.

Dada, nitakuambia ukweli wangu wote. Mtoto ningemlea. Ningelia, ningerudi Tanga, mungenisema, ningerudi tena huku, ningemlea. Lakini sahani mbili! Anakula kwa mtu sahani mbili, halafu anakuja kwangu kusema "tamu"! Kile kitambi nilichokuwa nakisifu kina mwenyewe, na mwenyewe yuko pale anafuta mikono.

Tulirudi kwa miguu. Mimi mbele, yeye nyuma. Tulipofika karibu na barabara ya kwetu, penye maduka ya simu na wabadilisha fedha, nikageuka.

"Wali wangu una nini?"

"Hauna kitu."

"Hamadi, sema."

Akakuna kichwa. "Wali wako ni wa ghorofa tatu, Zuhura. Chini mkaa, katikati bokoboko, juu mchele."

Nilitaka kulia, nikacheka. Nilitaka kucheka, nikalia. Mkongo mmoja anayeuza simu pale akatuuliza kwa Kifaransa chake kama kuna tatizo, Hamadi akampungia mkono.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliwaacha mama yako na dada zako ukanifuata mimi," akasema. "Uko juu huko peke yako mchana kutwa, hujui lugha, hujui njia. Nije nikuambie wali umeungua? Ningekula hata sufuria yenyewe."

Ungemwona alivyosema! Ungemsamehe pale pale. Mimi nilimsamehe kabla hajamaliza. Lakini nilikuwa na neno limenikaa kooni, nikaona nisipolitoa leo litaoza. Nikamwambia, "Ukiniambia 'tamu' kwa wali wa ghorofa tatu, basi siku ukiniambia unanipenda nitajuaje kama si wali tena? Ungekuwa na mtoto kweli, ungeniambia hakuna, kwa uso ule ule, na sauti ile ile."

Watu wanatupita na mizigo. Halafu akaninyooshea mkono, kama anavyofanya akikubaliana bei na mwenye duka, akasema, "Kuanzia leo nitakuambia kweli, hata ikiwa chungu. Na wewe usikae wiki tatu na mtoto tumboni mwa moyo wako, uniulize siku hiyo hiyo." Tukapeana mikono katikati ya watu. Nikaona haya, lakini sikuutoa mkono wangu upesi.

Tangu hapo Jumatatu na Alhamisi tunatoka wote. Wanaume wakiwa Shiling mimi niko jikoni kwa Mama Jayesh, na wakirudi tunakula, yeye akitupakulia. Amenifundisha kuwa kwa jiko la huku sufuria iwe nzito, na wali uuweke juu ya bati bapa ili moto usiuguse moja kwa moja. Sasa wali wangu ni wa ghorofa moja! Alinipa na kipande changu cha mvuje nikafanye mazoezi nyumbani. "Kama punje ya mchele," akanionya, "usizidishe."

Lakini dada, mkono una mazoea yake. Mimi kipande cha mvuje ninachokijua ni kile cha kufunga shingoni, ukubwa wa kucha ya dole gumba. Nikakitia chote kwenye samli. Yaa Rabi! Nilifungua madirisha, nikapepea kwa kanga, haikusaidia. Mara nasikia watu wanapanda ngazi mbio, mlango unagongwa, mama mwenye nyumba na mlinzi wake, wote wamefunika pua. "Meiqi! Meiqi!" ndiyo gesi hiyo. Wamedhani mtungi unavuja na jengo linalipuka! Mlinzi akakimbilia mtungi, akaufunga, akaunusa, akaukagua mpira mzima. Mimi nimesimama na mwiko, Kichina changu kizima ni "meiyou", hakuna. Nikawa nasema hakuna gesi, hakuna gesi, nikimwonyesha sufuria. Mama mwenye nyumba akafunua, akainama, akanusa. Alirudi nyuma mpaka ukutani. Akaniangalia kwa huruma sana, akanipigapiga bega. Kesho yake aliniletea mfuko wa mboga za majani, nadhani aliona nimefikia pabaya kwa umaskini.

Hamadi alipofika, nikamwekea sahani bila kusema kitu. Akatia tonge mdomoni. Nikamtazama. Akatafuna mara moja, akaacha.

"Hiki hakiliki, mke wangu," akasema.

Nilimbusu, dada. Tukamwaga, tukaenda kula mkate na chai.

Na Jumatano iliyopita ndiyo niliwaalika kwetu, Mama Jayesh na mumewe. Aliogopa kuja. Akaniambia miaka yote tangu afike Guangzhou hajala chakula kilichopikwa na mkono mwingine, maana hajui kila sufuria imepikiwa nini. Hotelini hagusi kitu. Anapika kila siku, akiumwa anapika, mumewe hajui hata kuchemsha maji. Nikanunua sufuria mpya, haijaona nyama wala kitunguu. Nikapika mbaazi, nikapika viazi kwa haradali, nikatia mvuje punje ya mchele, nikaikata mara mbili kwa woga.

Mama Jayesh aliketi, hakusimama. Nilimtilia, nikamwekea mbele. Alikula polepole, kichwa chini, na nikaona anafuta jicho kwa kiganja. Bwana Kishor akasema, "Leo ndiyo mara ya kwanza namwona akila chakula cha moto. Nyumbani hula wa mwisho."

Mimi nilikuwa nangoja upande mmoja tu. Hamadi akala. Akatazama wageni, akanitazama mimi. Nikajua anashindana na neno "tamu" lililomkaa mdomoni.

"Zuhura," akasema, "mbaazi ni nzuri. Mvuje uko sawasawa. Lakini chumvi imezidi."

Mama Jayesh akaweka mkono mdomoni. "Wee! Mbele ya wageni?"

Nikaonja. Kweli, ilikuwa imezidi. Nilikimbilia jikoni kuleta ndimu, na huko jikoni nilisimama peke yangu nikicheka kwa furaha mpaka wakaniita. Hakuna shairi alilowahi kunitumia wakati wa uchumba lililonifika kama chumvi ile.

Basi ndiyo habari yangu. Mama usimweleze habari ya Mwanahamisi, atapanda ndege kesho. Mwambie tu nakula vizuri. Nisalimie shemeji, nisalimie baba mkubwa, mwambie redio aliyoagiza, Hamadi ameipata. Nisalimie shangazi Mwanakombo aliyesema siwezi kukaa ughaibuni mwezi mmoja, na bibi mzaa mama, umbusie mikono yake. Swalehe umpakate kwa ajili yangu. Na wewe dada, shemeji akikusifia chakula, mtazame machoni.

Nimekuandikia yote haya kwa nafasi kwa sababu leo Jumapili Hamadi amenikataza kuingia jikoni. Anapika yeye, biriani, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tangu nianze ukurasa huu nasikia vifuniko vinaanguka, na kuna harufu ambayo si ya mvuje wala ya gesi, wala mimi siijui. Sasa hivi ameniita nikaonje, ana furaha kama mtoto wa sikukuu. Niombee dada, maana tulipeana mikono.

Mdogo wako anayekupenda, mke wa Hamadi,

Zuhura